Kaunta Safi Kuliko Zote

Sajenti alianza kupiga chafya kabla hata hawajafika mlangoni.

"Afande, si bora mimi nibaki hapa nje nilinde mlango?"

"Uulinde dhidi ya nani? Ingia. Ukifa kwa marashi nitasema umekufa kazini, wanao watapigiwa saluti."

Sajenti alikuwa pande la mtu, hodari wa kuingia kwa kishindo kwenye nyumba za majambazi, lakini duka la vipodozi lilikuwa limemshinda tangu jana yake, alipotumwa kuchukua vipodozi vya kupimwa. Akajifuta pua, akajikaza kisabuni, akamfuata mkubwa wake. Kituoni kila mtu alimwita Inspekta "Shangazi," maana alikuwa na umri wa kuitwa hivyo na alikuwa na kawaida ya kuwasema vijana huku anacheka. Mbele ya raia tu ndipo Sajenti alipokumbuka kumwita afande, na hata hapo alisahau mara nyingi.

Ndani taa zilikuwa nyingi kupita haja. Upande wa kushoto zilipangwa kaunta za marashi, upande wa kulia kaunta za vipodozi vya uso, kila moja na kioo chake na kiti kirefu cha mteja. Juu ya kila kaunta zilisimama testa, yaani vile vipodozi vilivyofunguliwa ili wateja wajaribu bure. Mteja mmoja aliokota lipstiki ya testa akajipaka moja kwa moja mdomoni. Akajitazama kiooni, hakuipenda, akairudisha. Hakuwa hata amegeuka vizuri, mwingine akaichukua ileile akajipaka na yeye. Inspekta alisikia mdomo wake mwenyewe ukimwasha.

Meneja alikuja mbio, suti imembana tumboni, tabasamu limewahi kufika kabla yake.

"Karibuni, karibuni sana. Nilidhani leo mtakuja na pingu."

"Pingu tunazo," Inspekta alisema. "Hazina haraka. Nieleze tena ulichomweleza mkuu wa kituo."

Meneja hakuhitaji kubembelezwa. Wanawake watano walikuwa wamefika hospitali ya macho ndani ya majuma machache, macho yamevimba, yanatoa usaha. Wote walikuwa wamejaribu vipodozi katika duka hili. Wote walikaa kwenye kiti kimoja, wakahudumiwa na binti mmoja, yule ambaye wenzake walimbatiza jina la Pamba. Mmoja wao, fundi wa nguo, jicho lake la kulia lilikuwa limefumba kabisa na daktari hakuwa tayari kuahidi kwamba litaona tena.

"Na huyo Pamba," Meneja aliendelea akishusha sauti, "alikuja ofisini kwangu akitaka niondoe testa zote za macho. Nikamkatalia. Wateja wanapenda kujaribu, bila kujaribu hawanunui. Akatoka kwa hasira akasema mbele ya wafanyakazi wote, 'Iko siku mtu atapofuka humu.' Haya, watu wanapofuka. Tena kwake tu! Afande, mimi si mpelelezi..."

"Lakini leo umeamua kujaribu."

Meneja alicheka kwa adabu. Inspekta hakucheka. Hoja ya yule bwana ilikuwa na miguu, na hilo ndilo lililomkera. Mtu aliyetabiri balaa halafu balaa likatokea mikononi mwake ni mtu wa kuulizwa maswali, hata kama anayemsema amevaa suti ya kumbana. Mwenye duka alikuwa amekwisha kumpigia simu mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo alitaka binti awe mahabusu kabla ya jua kuzama.

Walianza na kaunta. Inspekta alizipita zote polepole, mikono mgongoni, asiguse kitu. Kaunta ya kwanza ilikuwa na poda iliyomwagika na alama za vidole vya watu wa kila saizi. Ya pili ilikuwa na penseli ya wanja iliyokuwa na unywele. Kwenye ya tatu kijiti cha maskara, ile rangi ya kope, kilikuwa kimeachwa nje ya kichupa chake, kimekauka kikawa kigumu. Halafu akafika kwa Pamba. Kioo kilikuwa king'aavu. Lipstiki zilikuwa zimekatwa vichwa vizuri, hazina alama ya mdomo wa mtu. Burashi zilisimama zimepangwa kwa ukubwa, na pembeni kulikuwa na kibakuli cha vipande vya pamba na chupa ndogo ya kupulizia.

"Hapa hata mimi ningekubali kupakwa," Sajenti alinong'ona.

"Ndipo walipougulia."

"Basi ni yeye, Shangazi. Kama ingekuwa uchafu, wangeugulia zile kaunta nyingine. Ukiona penye usafi ndipo penye ugonjwa, ujue kuna mkono wa mtu."

Inspekta alimtazama. Mara nyingine Sajenti alisema maneno ya maana bila kujua ameyasema. "Kafungue kabati lake," akamwambia.

Sajenti alirudi na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na vichupa vya maskara, vilivyotumika, vimezungushiwa karatasi. Meneja alipoviona alipiga makofi mara moja.

"Mnaona? Sumu yenyewe hiyo!"

Stoo ya duka ilikuwa chumba chembamba chenye rafu hadi darini, na kona moja ilikuwa na birika la umeme na vikombe. Pamba alikaa juu ya katoni. Alikuwa binti mwembamba, kucha fupi zisizo na rangi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliliona boksi mikononi mwa Sajenti na hakushtuka, alichoka tu.

"Hilo ni langu," akasema.

"La nini?"

"Hizo ni testa zilizozeeka, zimenuka. Nikizitupa, Meneja anaziokota pipani anazirudisha kaunta. Anasema bado zina maisha. Ndiyo maana nikawa nazificha, nikipata nafasi nazitupa mbali na hapa."

"Ulisema iko siku mtu atapofuka?"

"Nilisema." Binti aliinua uso. "Na nilikosea?"

Sajenti alikohoa. Inspekta alivuta katoni jingine akaketi, wakawa wanatazamana goti kwa goti.

"Hukukosea, na ndiyo shida yako. Wewe ndiye uliyesema, na wewe ndiye uliyewapaka. Kwa nini wasiumwe waliopakwa na wengine?"

"Sijui. Wallahi sijui, shangazi... samahani, afande."

"Shangazi inatosha."

"Nafuta kila kitu. Kila mteja akiinuka, nafuta. Wenzangu wananicheka, ndipo walipoanza kuniita Pamba. Najiuliza usiku kucha nimesahau nini, na sioni. Mkinipeleka kortini, hata nikishinda, nani atanikabidhi uso wake tena? Kazi yangu ni kushika watu usoni. Sina nyingine ninayoijua na sitaki nyingine."

Mlango ulisukumwa. Aliingia mama mmoja mnene, mchangamfu, ana kikombe cha chai mkononi. Huyu alikuwa mkongwe kuliko wafanyakazi wote, muuzaji wa kaunta ya marashi inayotazamana na ya Pamba, na wote walimwita Mama Marashi. Hakumsalimia Sajenti wala hakuomba ruhusa. Alimwekea Pamba chai mkononi, akamfunga vidole kwenye kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni." Kisha akamgeukia Inspekta. "Dada, huyu mtoto hana kosa. Mkimchukua, mnichukue na mimi. Nimesema."

"Nimesikia, dada yangu. Tuachie dakika chache."

Mama Marashi alipotoka, Inspekta alisimama. "Twende kaunta. Nataka unifanyie kama unavyomfanyia mteja. Kila kitu, usiruke hata kimoja."

Pamba alifanya. Mikono ilipoanza kazi ilitulia. Alikwangua kichwa cha lipstiki kwa kisu kidogo, akapulizia kutoka ile chupa, akafuta kwa pamba, akaitupa pamba. Kwa maskara hakutumia kijiti cha kwenye kichupa. Alichukua burashi yake, akaipulizia, akaifuta, akachota rangi kidogo kwenye kisahani, akachora mstari nyuma ya kiganja cha Inspekta. Mstari ulikuwa mwembamba, umenyooka, na ulimeremeta kwa unyevu. Inspekta aliuangalia kwa muda. Sajenti alipiga chafya mbili mfululizo. Mstari bado ulikuwa umelowa.

"Hiyo chupa ina nini?"

"Spiriti. Ile ya hospitali."

Inspekta aliinusa. Hakusikia kitu cha maana. Tangu aingie dukani pua yake ilikuwa imejaa maua, vanila, ndimu na vingine ambavyo hata waliovitengeneza huenda wasivitambue. Ungemwekea samaki aliyeoza mbele yake asingemjua.

"Unaijaza wewe?"

"Mama Marashi. Yeye ndiye anayefungua stoo asubuhi, ananijazia wakati mimi napanga kaunta."

Ng'ambo ya pili, Mama Marashi alikuwa akimpulizia mteja kifundoni mwa mkono huku anamtania. Kwenye kaunta yake palikuwa na glasi ya mawaridi mekundu, mabichi, yenye majani bado. Inspekta aliitia ile chupa kwenye mfuko wa plastiki, akatia na kipande cha pamba kilicholowa, akafunga.

"Kaa hapahapa," akamwambia Pamba. "Usifute kitu, usipake mtu."

"Na nikiulizwa na Meneja?"

"Mwambie shangazi yako amekukataza."

Hospitalini, fundi wa nguo alikuwa amelala chali, bendeji jicho la kulia, na alikuwa na hasira na kila mtu isipokuwa mtu ambaye Inspekta alimtarajia.

"Yule binti mwacheni. Kabla hajanigusa aliniuliza kama nina mzio, kama ngozi inaniwasha, mpaka nikamwambia dada, wewe ni daktari? Nilikwenda kujaribu rangi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Gauni la bibi harusi liko kwenye cherehani, mkono mmoja haujashonwa. Nani atashona? Kwa jicho moja siwezi hata kutunga uzi."

"Kumbuka vizuri. Alipokupaka, hakuna kitu ulichokiona si cha kawaida?"

Fundi alikunja uso upande mmoja. "Burashi ilikuwa majimaji. Nilisikia baridi kwenye kope, na ikakaa hivyo. Nikadhani ndiyo mitindo mipya."

Daktari wa macho, dada kijana mwenye koti lililokunjamana kwa zamu ndefu, aliwaita pembeni ya kitanda.

"Wagonjwa wote watano wana kijidudu cha aina moja. Zile testa mlizoniletea jana kutoka kaunta nyingine ni balaa tupu, zina uchafu wa kila namna, mimi ningezichoma moto. Lakini hiki hakimo. Hiki ni kikali na kinapenda maji. Kinaishi kwenye sinki, kwenye sponji lisilokauka, kwenye chombo cha maua ambacho maji yake yamelala."

"Na spiriti?"

"Spiriti inakiua papo hapo."

"Sasa kwa mtu anayefuta kila kitu kwa spiriti, kingeishi wapi?"

"Hilo ni swali lako, afande. Langu ni lile jicho, na naomba ulijibu lako haraka. Nikijua kimetoka wapi, nitajua nisitafute kwingine."

Nesi alikuja na sindano ya fundi. Alilowesha pamba, akamfuta mkononi, na harufu ikampiga Inspekta puani waziwazi, ile harufu kali inayomkumbusha kila mtu utoto wake na kilio chake. Alama ya maji mkononi mwa fundi ilipotea hata kabla nesi hajaiandaa sindano.

Inspekta aliangalia nyuma ya kiganja chake, pale mstari wa Pamba ulipochelewa kukauka. Aliutoa ule mfuko, akaufungua, akampelekea Sajenti puani. Hewa ya hospitali ilikuwa imemsafisha Sajenti pua, hakupiga chafya hata moja.

"Nusa. Unasikia nini?"

Sajenti alinusa, akanusa tena, akashangaa. "Shangazi, hii inanukia bibi harusi."

"Maua gani?"

"Waridi. Waridi kabisa. Hii si spiriti."

"Spiriti imo, kidogo, ya kumdanganya mtu," Inspekta alisema. Alifurahi na kuhuzunika kwa pamoja, maana alikwisha kuona njia inakoelekea. Alimkabidhi daktari chupa. "Ipime. Ukikikuta humo, utakuwa umepata jibu la swali langu."

Kwenye gari Sajenti alikuwa amechangamka. "Basi kuna mtu amemchezea binti wa watu. Ni yule Meneja. Anataka kumwondoa, akaharibu dawa yake, sasa anamkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Nilimshuku tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo ulisema ni Pamba."

"Kabla ya mwanzo, Shangazi."

Inspekta alicheka, halafu akaacha. "Fikiri. Ukitaka kuiharibu dawa ya mtu, unatia nini?"

"Maji."

"Maji ya bombani, basi. Yapo, hayanuki, hakuna atakayejua. Kwa nini uhangaike na waridi? Anayetaka kudhuru hajali kitu kinanukia vipi. Aliyetia waridi alitaka kuondoa harufu. Sasa jiulize nani anasumbuliwa na harufu ya spiriti kwenye kaunta ya Pamba, na anataka mambo yamwendee vizuri Pamba."

Sajenti alikanyaga mafuta mpaka dukani.

Mama Marashi alikuwa akibadilisha maji ya glasi. Inspekta aliegemea kaunta yake kama mteja.

"Mawaridi mazuri haya. Ya wapi?"

"Ya kwangu nyumbani, dada. Nina kichaka kizima. Haya unayoyaona ni masalia tu."

"Yanayobaki unayafanya nini?"

"Nayaroweka. Petali kwenye mtungi, maji juu, nafunika. Yakilala siku kadhaa yanatoa maji mazuri, laini, si kama haya ya viwandani yanayowatia watu chafya." Alimtupia Sajenti jicho la utani. "Nitakuletea chupa."

"Kama ile unayomjazia Pamba?"

Tabasamu la Mama Marashi halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina pa kwenda. Mkono wake uliishika glasi ya maua kwa nguvu.

"Nani amekwambia?"

"Chupa yenyewe. Nilipoitoa humu ndani ikanukia. Humu hakuna anayeweza kuinusa. Hata yeye hawezi, anashinda humu mchana kutwa."

Mama Marashi aliketi kwenye kiti cha mteja, kile kirefu, miguu haifiki chini.

"Wateja walikuwa wanamkimbia," akasema. "Wanakaa, wanakunja pua, wanasema hapa pananuka sindano. Wanahamia kwa wengine, kwenye vile viuchafu, kwa sababu kule kunanukia. Meneja akamwambia mwezi ukiisha hivi, anamtoa kaunta. Mtoto akawa analia chooni. Ananificha, lakini namwona. Nikasema, mimi kazi yangu ni harufu, nitashindwaje? Nikamtilia kidogo tu. Harufu haikwisha. Nikaongeza. Wateja wakaanza kurudi, nikaongeza tena."

"Mpaka ikawa waridi tupu."

"Si bado inafuta, dada? Mimi naona inafuta."

"Inafuta," Inspekta alisema kwa upole. "Haiui tena. Na petali zilizolala kwenye mtungi zinazalisha kile kile kijidudu kilichoko kwenye macho ya watu. Kila alipofuta burashi alikuwa anakipaka."

Nyuma yao kikombe kiligonga kaunta. Pamba alikuwa amesimama hapo, hakuna aliyejua tangu lini. Aliitazama mikono yake miwili, akaifuta kwenye gauni la kazi, akaitazama tena.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Kadiri nilivyofuta sana ndivyo nilivyowaumiza."

"Mwanangu..."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa!" Binti alipaza sauti, wateja wakageuka. "Ningekataa, na wasingeumwa!"

Hapo Mama Marashi alilia, kilio cha mtu mzima kisichojali nani anaona. Aliinyoosha mikono yake mbele ya Inspekta, vifundo juu. "Nifunge. Niliwaambia mkimchukua mnichukue. Mtamchukuaje, yeye hana kosa. Ni mimi."

Sajenti aligusa pingu kiunoni, akamtazama mkubwa wake, akauondoa mkono.

"Utakuja kituoni kwa miguu yako, utatoa maelezo," Inspekta alimwambia. "Na utawafuata wale wanawake mmoja mmoja uwaambie mwenyewe, kwa mdomo wako, ulichofanya. Hilo litakuuma kuliko pingu. Mengine waamue wanaohusika, lakini nitawaambia nilichokiona, na sikuona mtu aliyekusudia ubaya." Akageuka. Meneja alikuwa anasogea taratibu kuelekea ofisini. "Na wewe, bwana, usiende mbali. Wewe ulikuwa unajua. Testa umezitoa pipani kwa mkono wako. Watu wa afya wako njiani na sidhani kama watapiga chafya."

Kwa mara ya kwanza suti ilionekana kumlegea.

Pamba alibaki amesimama, hajui ashike wapi. Mama Marashi alishuka kitini kwa shida, hakuthubutu kumsogelea. Kisha Pamba akachukua kipande cha pamba kutoka kwenye kibakuli, kikavu, akaenda akamfuta yule mama machozi, kavukavu, kwa hasira, kama anayemfuta mtoto aliyekosea. Hakumwambia neno.

Daktari alipiga simu siku chache baadaye. Kijidudu kilikuwa kwenye chupa, kilekile. Hakuhitaji tena kutafuta kwingine, dawa zilianza kufanya kazi, na wanne kati ya wale watano walikuwa wamerudi makwao. Fundi alikuwa ameanza kuona mwanga, kisha vidole, kisha sura ya nesi, akamwambia nesi kwamba ni mbaya kuliko alivyodhani. Nesi alicheka mpaka akasahau kipimajoto. Mama Marashi alikuwa anakwenda hospitali kila jioni na chakula. Siku za mwanzo fundi alimgeuzia ukuta. Baadaye alianza kumwambia chumvi imezidi.

Inspekta alirudi dukani kumwambia Pamba kwamba faili limefungwa na jina lake limetoka. Habari kama hiyo aliona ni ya kupelekwa kwa miguu. Sajenti alijitolea kubaki garini, na safari hii akaruhusiwa.

Testa za macho zilikuwa zimeondolewa zote. Kwenye kila kaunta palikuwa na vijiti vidogo vya mbao vya kutumia mara moja na kutupa, na meneja mpya aliyekuwa akiwafundisha wauzaji namna ya kuchota rangi bila kugusa. Mawaridi hayakuwepo. Mama Marashi alikuwa kwenye kaunta yake, amepungua kidogo, anafuta shingo za chupa za marashi moja moja, na kila akimaliza alimtupia Pamba jicho kuhakikisha anafanya sawasawa.

Pamba aliisikia habari, akashukuru, akainamisha kichwa. Furaha haikufika yote usoni.

"Wanapita tu, shangazi," akasema chini kwa chini. "Wamesikia. Wananijua. Hakuna anayekaa."

Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia mwanamke aliyevaa miwani nyeusi, mkoba wa nguo begani, uzi mweupe umeganda kwenye mkono wa blauzi. Alitembea kwa uangalifu wa mtu anayejifunza upya kupima umbali. Alifika mbele ya kaunta ya Pamba, akasimama, akainua pua.

"Mbona hapa pananuka sindano?"

Mama Marashi aliiachia chupa mkononi, ikaviringika. Kipande cha pamba kilikuwa kimebonyea kabisa kati ya vidole vya Pamba.

Fundi alivuta kile kiti kirefu, akakipima kwa mkono kwanza, akapanda akaketi.

"Afadhali," akasema. "Gauni nimemaliza, harusi ni kesho. Mdomo tu, macho uyaache. Na usinipake mpaka ikauke."

Pamba alilowesha pamba. Akafuta, akaitupa, akasubiri. Ilipokauka, fundi alivua miwani, akainua uso wake, akafumba macho yote mawili.